Pa kubarizi jioni Mji Mkongwe

Kaka, umesema umehamia Mji Mkongwe wa Zanzibar kutoka Dodoma na jioni zako zinaishia chumbani, maana Forodhani, ile bustani ya ufukweni, kumejaa watalii. Forodhani achana nako. Anza na baraza ya mtaa wako mwenyewe, pale watu wanapokaa kuzungumza nje ya nyumba, baada ya swala ya alasiri, muuza kahawa akishaweka dele, birika lake la kahawa, juu ya mkaa. Wengi watakuelekeza Jaws Corner, kijiwe maarufu cha kahawa, na ni pazuri kweli: vikombe vidogo, dhumna zinagongwa mezani mpaka unazisikia toka kichochoroni. Ila pale siasa huchemka kuliko kahawa, na mgeni akidakia mapema hutazamwa mara mbili. Kijiwe kidogo ni bora kwako. Toa salamu kwa wote, wazee waamkie shikamoo, kisha kaa pembeni. Ile nafasi ya kuegemea ukuta huwa ina mwenyewe hata ukiikuta tupu. Agiza kahawa chungu na kipande cha kashata, na mara mojamoja mlipie jirani kikombe bila kutangaza. Nenda palepale, saa ileile. Siku usipotokea wakaulizana, "Yule wa Dodoma yuko wapi?", basi umeshapata.