Usukani wa katamarani ukicheza, usikimbilie bapa jipya

Wenye Hobie 16 wengi, katamarani ya tanga yenye mitumbwi miwili, usukani ukianza kuwa mzito au kutetemeka mkononi, hununua bapa jipya, yaani ubao wa usukani unaozama majini. Bapa ni ghali, na mara nyingi halina kosa. Kosa hukaa kwenye bushi, pini na matundu ya bolti, vitu vya bei ndogo usivyoviona mpaka uvitafute kwa mkono.

Weka chombo juu ya magogo, mabapa yote mawili yashushwe na kufungwa bila kugusa mchanga. Mtu mmoja ashike fito inayounganisha kana mbili (mikono ya kugeuzia usukani) isisogee hata kidogo. Wewe shika ncha ya chini ya bapa, uitikise kulia na kushoto, huku jicho lako likiwa juu, si kwenye ncha.

Bapa likicheza ndani ya kichwa cha alumini kinacholishika kwa juu, ilhali kichwa kimetulia, nafasi imepanuka kati ya bapa na mashavu ya kichwa. Kata vipande vya plastiki nyembamba, hata vya dumu la maziwa, uvipachike pande zote mbili za bapa, kisha funga bolti. Usiikaze mpaka mwisho: bapa lazima liweze kuinuka. Kichwa kizima kikicheza kwenye rumada (kishikio cha usukani nyuma ya mtumbwi), bushi au pini imelika. Chomoa pini ndefu uipitishe vidole; ukihisi bonde pale inapokaa kwenye bushi, badilisha pini na bushi zote za upande huo kwa pamoja, kwa sababu pini yenye bonde hula bushi mpya upesi. Vichwa vyote viwili vikitulia na kana pekee ikicheza, angalia ribiti za kana na viungo vya fito.

Rumada yenyewe ikicheza kwenye tezi, yaani mwisho wa nyuma wa mtumbwi, hapo simama. Usiingie majini. Kukaza skrubu hakutoshi, maana maji yameshaanza kupita kwenye matundu yake. Toa rumada, acha sehemu ikauke kabisa, jaza matundu kwa epoksi iliyofanywa nzito, toboa upya, na uirudishe kwa silanti ya baharini.

Sasa sukuma ncha ya bapa kuelekea nyuma. Jaribio hili wengi hawalifanyi, nalo ndilo linaloeleza uzito wa usukani. Bapa likiwa limeshuka kabisa, ukingo wake wa mbele unatakiwa uwe sambamba na mstari wa pini au utangulie mbele kidogo. Likilala nyuma, maji hulisukuma mbali na mhimili wake, na kila unapokwenda joshi, yaani kuukabili upepo, mkono unachoka. Tundu la bolti lililopanuka kwa milimita moja huipeleka ncha nyuma kwa milimita kadhaa, kwa kuwa bapa ni refu kuliko umbali wa kati ya bolti zake. Ziba tundu hilo kwa epoksi iliyochanganywa na nyuzi za glasi, iache ikomae, kisha toboa tena kwa kipimo cha bolti yenyewe. Ukinunua bapa jipya lisilotobolewa, usilitoboe kwa kufuata la zamani kabla hujahakikisha la zamani lilikaa sawa.

Kabla ya kuagiza chochote, tambua chombo chako. Namba ya utambulisho wa chombo imechorwa kwenye tezi ya mtumbwi wa kulia. Kwa vyombo vya Marekani, tarakimu mbili za mwisho kwa kawaida ndizo mwaka wa modeli. Vichwa vya alumini vipo vya mtindo wa zamani na wa sasa, na kamu zake (vipande vinavyolifunga bapa likiwa limeshuka) haziingiliani. Vyombo vilivyotengenezwa Ufaransa navyo vina tofauti zake. Piga picha kichwa na kamu kutoka ubavuni, pamoja na rula, umtumie muuzaji. Njia hii ni salama kuliko kusema "cha Hobie 16" tu.

Kamu hushikwa na kidude cha plastiki kinachosukumwa na springi, na skrubu ndiyo inayoamua nguvu ya springi. Ikilegea, bapa huruka juu chombo kikishika kasi. Ikikazwa kupita kiasi, siku utakapogonga mwamba maji yakiwa yamekupwa, kama kwenye maji mafupi ya pwani yetu, bapa halitainuka. Kitakachovunjika ni kichwa, au rumada itang'oka na kipande cha tezi. Kaza kwa robo mzunguko, jaribu, kaza tena. Skrubu ikiwa imeshikana, usiilazimishe: stenlesi na alumini kwenye maji ya chumvi huumana. Itie mafuta ya kupenya usiku kucha, ndipo uigeuze. Ukiitoa, funika kwa kitambaa, kwa sababu springi hutoka kwa nguvu na inaweza kukupiga jichoni.

Katika kurudisha, bolti ziwe za stenlesi 316, na nati zenye plastiki ya kujifunga ziwe mpya, zilizotumika hulegea. Paka grisi ya lanolini popote stenlesi inapogusa alumini. Pete ya chini ya pini izungushie tepu ya umeme. Pete hiyo ikikatika, pini hupanda yenyewe kidogo kidogo mpaka usukani uachane na chombo.

Mwisho pima mabapa yakiwa yameshuka: umbali kati ya kingo za mbele, kisha kati ya kingo za nyuma, kwa kimo kilekile. Vipimo viwe sawa, au vya mbele vipungue kwa milimita zisizozidi 3. Rekebisha kwenye ncha ya fito, si kwa kupinda kana. Fanya kazi hii baada ya kuondoa ulegevu wote, maana ukipima bushi zikiwa bado zinacheza, kila ukishika bapa utapata namba nyingine.