Mwanachama aingie kwa nywila, na aone hesabu yake tu

SWALI: Nimeandika kwa PHP na MySQL programu ndogo ya tovuti inayoonyesha michango ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwa sasa yeyote mwenye anwani yake huona hesabu zote. Ningependa kila mwanachama ajisajili, kisha aingie kwa namba ya simu na nywila. Rafiki amenishauri nihifadhi nywila kwa MD5. Je, inatosha?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Haitoshi. MD5, mbinu ya kugeuza nywila kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka, hukokotoa upesi mno, na wepesi huo ndio humwezesha mwizi aliyenakili jedwali lako kubahatisha mamilioni ya nywila kwa sekunde. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, PHP ina password_hash, ambayo kwa kawaida hutumia bcrypt, mbinu iliyobuniwa makusudi iwe ya polepole. Tena kila nywila huchanganywa na herufi za nasibu, hivyo wanachama wawili waliochagua neno lilelile hawatafanana hifadhidatani. Safu ya kutunzia matokeo hayo ipe nafasi ya herufi 255, ingawa bcrypt hutoa 60 tu, kwa sababu mbinu inaweza kubadilishwa katika matoleo yajayo.

Namba ya simu iwekee sharti la kutojirudia, lakini kwanza igeuze iwe ya muundo mmoja, maana 07 na +2557 mbele ya tarakimu zilezile ni watu wawili machoni pa MySQL. Binafsi nisingeacha usajili wazi kwa kila mpita njia: katibu aingize namba za wanachama, na anayejisajili athibitishe kwa msimbo uliotumwa kwenye simu yake, au angalau mhazini amwidhinishe.

Mtu anapoingia, tafuta namba yake kwa hoja iliyoandaliwa (prepared statement), yaani amri ya hifadhidata ambayo alichoandika mtu hupelekwa kando yake, wala usiunganishe alichoandika moja kwa moja na amri ya SQL, kisha linganisha nywila kwa password_verify. Ikishindikana, jibu liwe moja, “Namba au nywila si sahihi”, ili mgeni asijue nani ni mwanachama na nani siye. Na majaribio yakizidi, mcheleweshe. Akifaulu, ita session_regenerate_id(true) kabla ya kuandika utambulisho wake kwenye sesheni (kumbukumbu ambayo seva humtunzia kila mgeni wa tovuti na kuitambua kwa namba), vinginevyo aliyempachika namba ya sesheni anayoijua ataingia pamoja naye. Tovuti yote ipite kwenye HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Cheti kinachohitajika kwa hilo hutolewa bure na Let's Encrypt.

Hata hivyo, kuingia peke yake hakuzibi tundu ulilolitaja. Ikiwa ukurasa wa michango unachukua namba ya mwanachama kutoka kwenye anwani, aliyeingia kihalali atabadilisha 14 kuwa 15 na kusoma hesabu ya mwenzake. Namba hiyo itoke kwenye sesheni pekee, na kila ukurasa uikague upya.