Orodha ya wanachama kwenye tovuti ya Joomla, bila kugusa faili za msingi

Vyama vya wahitimu na jumuiya zenye tovuti ya Joomla, mfumo wa kutengeneza na kuendesha tovuti, huja na ombi lile lile: kila mwanachama aonekane kwenye orodha, na taaluma yake na mji anaoishi. Joomla haina orodha hiyo tayari. Ukurasa wa wasifu humwonyesha mtu taarifa zake mwenyewe tu. Hapo mafundi wengi huingia folda ya components na kuanza kurekebisha faili za Joomla zenyewe. Kazi itakubali, hadi siku ya kusasisha, ambapo faili mpya huandikwa juu ya ile uliyoibadilisha.

Maelezo haya ni ya Joomla 5, inayohitaji PHP 8.1 au zaidi (PHP ni lugha ya programu ambayo Joomla imeandikwa kwayo). Fanyia majaribio kwenye nakala, na nakala maana yake ni faili zote pamoja na hifadhidata.

Kwenye paneli ya msimamizi, anza Users, kisha Field Groups: fungua kundi moja, mfano "Taarifa za mwanachama". Ndani yake, kupitia Fields, ongeza visanduku vya Mji, Taaluma na Simu. Mji na Taaluma viwe vya aina ya List. Ukiwaachia watu waandike wenyewe utapata "Dar", "DSM" na "Dar es Salaam" kama miji mitatu.

Simu ndiyo yenye mtego. Ni busara kuweka Access yake (nani anaruhusiwa kukiona) iwe Registered, yaani waliosajiliwa na kuingia tu, ili mpita njia asizione namba za watu. Lakini anayejisajili bado ni mgeni, kwa hiyo kisanduku hicho hakitatokea kwenye fomu ya kujisajili. Wengi hudhani kimeharibika na kukirudisha Public, namba zikabaki wazi kwa dunia nzima. Kiache Registered, na mwanachama ajaze simu akishaingia, kwenye kuhariri wasifu.

Sasa orodha yenyewe. Joomla ina sehemu ya Contacts, na programu-jalizi (plugin, nyongeza ya Joomla) iitwayo User - Contact Creator humfungulia kila anayejisajili ukurasa wake humo. Iwashe kwenye System, Plugins, uichagulie kategoria, na uzime kuchapisha kwa moja kwa moja ili katibu akague majina kwanza. Inashughulikia watumiaji wapya tu. Waliojisajili kabla utawafungulia kwa mkono, ukijaza Linked User kwa kila mmoja, hivyo iwashe kabla ya kutangaza usajili.

Kisha kwenye Options za Contacts tafuta Show User Custom Fields na uchague kundi lako. Malizia kwa kipengele cha menyu cha aina ya List Contacts in a Category. Visanduku vitaonekana mtu akifungua ukurasa wa mwanachama, si kwenye orodha yenyewe.

Ukitaka kubadili sura ya orodha, nenda System, Site Templates, fungua kiolezo chako (template, faili zinazoipa tovuti sura), halafu Create Overrides, com_contact, category. Joomla itanakili faili kwenye folda ya html ya kiolezo, na hiyo ndiyo unayohariri. Sasisho haliigusi. Faili ya asili ikibadilika baadaye, Joomla hukuarifu kwenye kiolezo hicho hicho. Linganisha, usipuuze, kwa sababu marekebisho ya usalama hayaingii kwenye nakala yako yenyewe. Chochote kilichoandikwa na mtumiaji kipitishe kwenye $this->escape() kabla ya kukichapa, ili msimbo uliofichwa humo usitekelezwe.

Programu-jalizi yako mwenyewe iandike pale tu panapohitajika kanuni, kwa mfano kumpa mwanachama namba mara anapohifadhiwa; tukio la Joomla la kuliunganisha nalo ni onUserAfterSave. Ifunge kwenye zip na uisakinishe kama nyingine yoyote. Ukiipakia kwa FTP, njia ya kuhamishia faili moja kwa moja kwenye seva, Joomla haitaijua mpaka upite System, Discover. Kama inalalamika kuwa klasi haipatikani, futa autoload_psr4.php iliyo kwenye administrator/cache, itajitengeneza upya. Na kumbuka kuiwasha, kwani ikisakinishwa huwa imezimwa. Kosa moja la PHP humo linaweza kufunga hata mlango wa msimamizi: ingia phpMyAdmin, chombo cha kusimamia hifadhidata, fungua jedwali linaloishia na _extensions, tafuta mstari wake na uweke enabled kuwa 0.