Re: Mdogo wangu anataka kuingia Kapuchini, je lazima awe padri? Na mshahara vipi?

Dada pole na presha, ila mzee wenu akidhani lazima awe padri na awe na mshahara, naona anachanganya mapadri wa jimbo (wale wa chini ya askofu) na watawa. Kapuchini ni shirika la watawa wa Mtakatifu Fransisko, wote ni mabradha (ndugu watawa) kwanza, upadri unakuja baadaye kwa anayeitwa huko, wengine wanabaki mabradha hadi kufa na wala sio kwamba wamefeli masomo (watu wanapenda sana kusema hivyo pale nje ya kanisa misa ikiisha).

Mshahara hakuna. Braza angu yuko huko mwaka wa tisa, akija kwetu Tabata anakuja na nauli aliyopewa na gwardiani (mkuu wa nyumba yao) na chenji inarudi konventini, yaani kwenye nyumba ya watawa, siku moja mama alimpa elfu kumi ya soda akaenda kuikabidhi, mama alinuna wiki nzima 😂. Zile fundo tatu za kamba wanayovaa kiunoni ndo nadhiri zenyewe: ufukara, utii, useja. Watu wanaogopa useja, yeye anasema kinachomtesa ni utii, umezoea parokia, watu wamekuzoea, unaambiwa hamia kwingine na unafunga begi.

Wala mdogo wako hafungwi siku ya kwanza. Kuna upostulanti (hatua ya kwanza ya maandalizi), halafu unovisi (malezi kabla ya nadhiri) mwaka mzima, nadhiri za muda si chini ya miaka mitatu, ndo anafunga za daima, kwahiyo kutoka katikati sio aibu.

Hapa Dar wapo tangu 1921 walipokuja wale wa Uswisi, si watu wa jana. Mwambie aende Msimbazi aulizie bradha wa miito, anayeshughulikia wanaotaka kujiunga, na mzee aende naye.