Jina, barua na mafaili: usimwachie mtu mmoja funguo zote

Kabla hujalipia tovuti, chukua karatasi uandike mambo matatu: jina la domeini (anwani ya tovuti yako, kama ile inayoishia na .com au .tz) limesajiliwa kwenye akaunti ya nani, mafaili ya tovuti yanakaa wapi, na barua pepe zinapokelewa na seva gani, yaani kompyuta gani ya mtandaoni. Kama jibu la yote matatu ni "anajua yule kijana aliyenitengenezea", jipange mapema. Siku atakayobadilisha namba ya simu, umekwisha.

Nimeshughulika na tovuti na kompyuta za biashara ndogo ndogo, Dar es Salaam na mikoa ya kaskazini, kwa miaka kadhaa sasa, na malalamiko ni yale yale. Watu wanadhani wamenunua kitu kimoja. Kampuni za hostingi, zile zinazokukodisha nafasi kwenye seva, nazo zinapenda iwe hivyo kwa sababu kifurushi kinauzika: domeini bure mwaka wa kwanza, barua pepe "bila kikomo", tovuti juu yake. Kununua vyote mahali pamoja si kosa. Shida inakuja pale kimoja kinapoharibika na hujui kipi ni kipi, ukaanza kuzungushwa.

Nianze na barua pepe, maana hapo ndipo hela inapopotelea kimyakimya. Tovuti ikizima utaambiwa na mtu. Barua isipofika, hakuna anayekuambia.

Dada mmoja wa Moshi anapandisha watalii Mlima Kilimanjaro. Barua zake zilikuwa kwenye hostingi ya bei ya chini, zikawa zinaangukia kwenye spamu za wateja. Hakuwa na kosa. Kwenye hostingi ya pamoja, tovuti nyingi hutumia seva moja na mara nyingi anwani moja ya IP, namba inayoitambulisha seva mtandaoni. Jirani mmoja akidukuliwa, seva ikaanza kumwaga matangazo ya ajabu, anwani ile inaingia kwenye orodha za wanaozuiwa na nyote mnaonekana matapeli. Fundi aliyekuwa naye wakati huo akamhamishia barua Google Workspace, huduma ya Google ya barua za kazini, jambo la busara kabisa. Barua za kawaida zikaanza kufika vizuri. Lakini maombi yanayojazwa kwenye fomu ya tovuti yakakatika.

Aliponipigia alikuwa amechoka. "Mdogo wangu, kuna mgeni kanifuata WhatsApp anauliza mbona simjibu, na ameandika kwenye tovuti zaidi ya mara moja. Mimi sijaona kitu." Watu wa hostingi walishamwambia afute kache ya brauza, yaani nakala za kurasa ilizozihifadhi. (Kufuta kache ndiyo panadoli ya huduma kwa wateja. Chochote unachoumwa, utapewa hiyo kwanza.)

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Fomu ilikuwa bado inaishi kwenye seva ya zamani, na seva ile iliendelea kuamini kwamba barua za domeini hiyo ni zake. Kila ombi lililojazwa, seva ililitumbukiza kwenye sanduku la zamani humo humo ndani, bila hata kutoka nje kuangalia rekodi za MX, zile zinazotaja seva ya kupokea barua za domeini, zinaelekeza wapi. Niliingia kwenye webmail ya zamani (sanduku la barua linalofunguliwa kwa brauza), nikakuta yamerundikana: familia inaulizia bei ya njia ya Machame, mwingine anataka Lemosho mwezi Januari, mwingine kaandika mara ya tatu akiwa amekasirika. Tiba yake, kwa wanaotumia cPanel, ukurasa wa kuendeshea hostingi, iko kwenye ukurasa uitwao Email Routing. Unatoa alama kwenye Local Mail Exchanger unaiweka kwenye Remote Mail Exchanger, unahifadhi, basi. Ukihamisha barua kwenda kampuni nyingine, hapo ndipo pa kwenda siku hiyo hiyo. Kisha jaza fomu yako mwenyewe uone kama inafika.

Jambo la pili kwenye barua ni utambulisho. Itifaki ya kutuma barua, SMTP, ni ya mwaka 1982, na wakati ule haikuwekwa njia ya kuhakikisha kwamba anayejiita fulani ni fulani kweli. SPF, DKIM na DMARC zilikuja baadaye kuziba pengo hilo, nazo zote zinahitaji mistari ya maandishi unayoiweka kwenye DNS ya domeini yako, yaani kitabu cha anwani kinachoelekeza domeini iende wapi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza: kila anayetuma anatakiwa awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe na vyote vitatu. Barua yako ikirudi kutoka Gmail na namba 550-5.7.26, usihangaike kubadilisha kichwa cha habari wala kupunguza picha. Namba hiyo inasema hujajitambulisha.

Kosa ninalolikuta sana ni rekodi mbili za SPF. Mtu alikuwa na ile ya hostingi, akajiunga na huduma nyingine ya barua, akafuata maelekezo yao na kuongeza ya pili chini yake. Sheria ya SPF inataka rekodi moja tu kwa kila domeini. Zikiwa mbili, mpokeaji anahesabu ni kosa na kuzipuuza zote, yaani bora ungekuwa na moja mbovu. Unaziunganisha ziwe mstari mmoja unaoanza na v=spf1, kila huduma unayotumia ikitajwa kwa include yake, na mwisho ~all mara moja tu. Halafu usijaze huduma kiholela: SPF inaruhusu maulizo 10 tu ya DNS, na baadhi ya include zinabeba nyingine ndani yake.

Tuje kwenye jina. Ukiniuliza kipi usikubali kabisa kishikwe na fundi, nitasema jina. Tovuti unaweza kujenga upya, barua unaweza kuhamisha, lakini jina lililosajiliwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni la mtu mwingine, hata kama risiti za malipo unazo wewe. Omba akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako. Na hiyo barua pepe isiwe ya domeini hiyo hiyo! Nimeona watu wengi wameweka info@ ya domeini yao kama anwani ya mawasiliano. Jina likiisha muda, barua nazo zinazimika, na onyo la mwisho la kulipia linatumwa kwenye sanduku ambalo halifunguki. Weka Gmail ya kawaida unayoisoma kila siku.

Malipo nayo yana mtego wake. Wengi tunalipa kampuni za nje kwa kadi pepe za mitandao ya simu, ambazo unaziwekea hela pale unapotaka kununua tu. Kampuni inapojaribu kukata hela yenyewe siku ya kuhuisha, kadi haina kitu. Kwa majina ya .com, baada ya muda wa nyongeza wa msajili wako (kampuni uliyosajilia jina), zinakuja siku 30 za kukomboa ambapo gharama inapanda sana, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote anaweza kulichukua. Majina ya .tz na .ke yana taratibu zake, kwa hiyo muulize msajili wako. Mimi jina nalilipia miaka kadhaa kwa mpigo, na tarehe ya mwisho naiweka kwenye kalenda ya simu.

Hostingi yenyewe sina mengi ya kusema. Ukiona "bila kikomo", fungua masharti utafute neno inodes. Hiyo ni idadi ya mafaili, na kwenye seva nyingi za cPanel kila barua pepe ni faili moja. Ndiyo maana akaunti yenye nafasi tele ya diski inaweza kugoma ghafla: sanduku la barua limekula hesabu yote. Angalia pia bei ya mwaka wa pili, maana ya kwanza ni chambo. Na kama wateja wako wako nchini, fikiria seva ya hapa hapa. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilisumbua Tanzania, Kenya na kwingineko. Mawasiliano ya ndani yanayopita kwenye kituo cha kubadilishana cha TIX pale Dar hayahitaji kuvuka bahari. Ila kama wateja wako wapo Ujerumani, kama wa yule dada wa Moshi, hoja hii haikuhusu.

Sasa kompyuta, maana nusu ya "tovuti yangu haifunguki" ninazoletewa ni kompyuta.

Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Dubai, na kusema kweli ni mashine imara kuliko mpya za bei hiyo. Lakini Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, kwa sehemu kubwa prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. Kwa hiyo kati ya ThinkPad T460 na T480, au EliteBook 840 G3 na G5, ongeza hela uchukue ya pili, ukihakikisha prosesa yake ni ya kizazi cha 8. Ukiwa tayari unayo ya zamani, Linux Mint inatosha kabisa kwa brauza, barua na hesabu za ofisi. Usikubali fundi akuwekee Windows 11 kwa ujanja halafu akuambie imekubali.

Kingine, baadhi ya mashine hizi hazikuondolewa kwenye mfumo wa kampuni iliyozimiliki. Ukiweka Windows upya na kuunganisha intaneti, inakuja nembo ya kampuni ya watu inakudai uingie kwa barua pepe ya kazini. Mwambie muuzaji aiweke upya na kuiunganisha mbele yako, kabla hujatoa hela.

Na saa. Betri ndogo ya CR2032 ikifa, kila ukizima umeme tarehe inarudi miaka nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo brauza inaona karibu kila tovuti ina cheti ambacho hakijaanza kutumika na inakataa kuifungua. Mtu anapigia hostingi, anaambiwa afute kache. Angalia tarehe kwanza, kona ya chini kulia, pamoja na majira: kwenye orodha ya Windows, sisi wa Dar tunachagua Nairobi.

Ukimaliza hayo, weka barua kwa IMAP, njia inayoacha barua kwenye seva, mlango 993, usitumie POP3. POP3, isipowekewa agizo la kubakiza nakala, inavuta barua kutoka kwenye seva na kuziacha kwenye laptopu peke yake. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala, zimeondoka na mwizi. Fungua mipangilio ya akaunti yako leo. Ukikuta imeandikwa POP, usiifute kwanza: ongeza akaunti ile ile kwa IMAP pembeni, buruta barua za zamani uzipeleke humo, subiri zipande zote kwenye seva, uzihakiki kwa kufungua webmail, ndipo uondoe ile ya zamani.