Dawa za tezi ya thairoidi na seli zinazofanana na za saratani

Umeeleza kwamba majibu ya sindano uliyochomwa shingoni kuchukua seli za tezi ya thairoidi yametaja seli zisizo za kawaida, na kwa kuwa unatumia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi hiyo, mwaka wa pili sasa, unauliza kama dawa yenyewe yaweza kuwa ndiyo chanzo. Yaweza, mimi yalinikuta, nikiwa na ugonjwa wa Graves, ambao kingamwili za mwili huichochea tezi kupita kiasi.

Kabimazoli huizuia tezi kutengeneza homoni, ila haizimi papo hapo kingamwili zinazoichochea, na dozi ikizidi, homoni ya TSH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, hupanda na kuichochea zaidi. Seli huongezeka, hujikunja na kuota vijidole ndani ya vifuko vya tezi, na vijidole hivyo ndivyo vinavyofanana na saratani ya papilari, aina mojawapo ya saratani ya thairoidi. Tofauti huonekana kwenye viini vya seli: vya saratani hiyo kwa kawaida huwa vikubwa, vyeupe kwa ndani, vyenye mikunjo kama ya punje ya kahawa, ilhali vya tezi iliyochochewa tu mara nyingi hubaki vya duara. Iodini ya mionzi, tiba nyingine ya Graves, huchanganya zaidi, kwa sababu huviacha viini vikubwa, vyeusi na vyenye maumbo ya ajabu. Mionzi yenyewe hupungua nusu kila siku 8, lakini alama zake kwenye seli zaweza kudumu miaka.

Sampuli yangu iliwekwa daraja la 3 kati ya 6 ya mfumo wa Bethesda, unaotumika kupanga majibu ya sindano za thairoidi; daraja hilo ni la mashaka yasiyo na uamuzi. Nilipoomba nakala ya fomu iliyopelekwa maabara, nilikuta maneno mawili tu, "uvimbe shingoni", na dawa haikutajwa popote. (Nilikasirika, nakiri, ingawa hata mimi sikuwa nimeitaja.) Mpatholojia (daktari anayesoma seli) wa pili, alipoelezwa dawa, dozi na kiwango cha TSH, alishauri dozi irekebishwe na sindano irudiwe baada ya miezi kadhaa, majibu yakaja daraja la 2, uvimbe usio na madhara.

Hilo halimaanishi kwamba yako yatakuwa hivyo, kwa maana mwenye Graves naye hupata saratani ya tezi, na altrasaundi yenye dalili mbaya haipuuzwi kwa kisingizio cha dawa. Usiache kumeza dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Omba vioo vilevile vyenye seli zako visomwe upya, safari hii fomu ikiwa na jina la dawa, dozi, tarehe uliyoanza na TSH ya karibuni.