Kuelewa kwanza, kusamehe baadaye

Ramadhani ikikaribia, Unguja na Pemba watu hufuatana majumbani: "Tusameheane." Watawa wa Kibudha nao wana desturi iliyo jirani na hiyo. Kabla ya ile miezi mitatu ya mvua wanayotulia mahali pamoja bila kusafiri, mdogo humwendea mkubwa kuomba radhi kwa alilokosa kwa mwili, kwa ulimi na kwa moyo. Mkubwa husamehe, kisha naye huomba asamehewe.

Budha alitaja wapumbavu wawili: asiyeliona kosa lake kuwa ni kosa, na asiyempokea anayekiri kosa lake. Kwa hiyo kusamehe ni kazi ya akili pia. Ukijilazimisha kabla hujaelewa, utampa mtu mkono huku kinyongo kimebaki pale pale.

Njia ya kuelewa aliieleza Sariputta, mwanafunzi wa Budha aliyesifiwa kwa hekima. Mwenye vitendo vibaya na maneno mazuri ni kama kitambaa kilichotupwa njiani: chukua kipande kilicho kizima. Mwenye maneno makali na vitendo vyema ni bwawa lililozibwa na majani: yatenge kwa mikono, unywe.

La tatu ndilo gumu. Mtu ni mbaya kwa yote mawili, ila mara moja moja moyo wake hutakata. Huyo ni maji yaliyotuama kwenye alama ya ukwato wa ng'ombe, kama yale ya njia za mashamba ya Pemba baada ya masika. Ukiyachota, yanavurugika tope tupu. Sariputta anasema mwenye kiu hupiga magoti, akashika chini kwa mikono, akanywa kama ng'ombe. Maana yake, jema lake dogo lipokee lilivyo. Ukianza kufukua ya mwaka jana, umelitibua. Asiye na jema lolote mwone kama msafiri aliyeugulia njiani, mbali na kijiji: anatia huruma.

Zoezi la kuulainisha moyo, dakika kumi na tano alfajiri zinatosha. Jitakie amani wewe, kisha unayemheshimu, kisha umpendaye, kisha mtu wa kati, tuseme muuza maandazi unayempita kila siku. Aliyekukosea awe wa mwisho. Wengi hukosea hapa: huanza na hasimu, taya zikakaza, wakaacha kabisa. Hasira ikipanda, rudi kwa umpendaye mpaka moyo ulainike, halafu jaribu tena, hata kama ni kesho. Buddhaghosa, mtawa mwanazuoni aliyeandika Sri Lanka karne ya 5, anashauri hivyo hivyo.

Na kusamehe hakufuti haki. Jirani akisogeza mpaka wa shamba, kwa sheha utakwenda. Ila nenda siku ambayo unaweza kulitaja jina lake bila sauti kupanda, maana ukiwa na hasira utaongeza chumvi, na sheha atashindwa kujua mpaka ulikuwa wapi.